Michi Miwili, Kinu Kimoja: Hotuba Kuhusu Gridi Zinazovuka Mipaka

Shikamooni wazee wangu mlioketi mbele. Wahandisi wenzangu, ndugu zetu wa benki na mifuko ya hifadhi ya jamii, habari za jioni. Na ninyi wanafunzi mliosimama kule nyuma kwa kukosa viti, poleni, na ahsanteni kwa kuja.

Naomba nianze na friza. Jirani yangu wa Mbagala anauza barafu za ukwaju na ubuyu, zile za kwenye vifuko. Mwishoni mwa mwaka 2022, mvua zilipochelewa na mgawo wa umeme ukarudi, nilipita kwake asubuhi moja nikamkuta ameinamia friza, anagusa kifuko kimoja kimoja kwa mgongo wa mkono. Kilichoanza kulegea anakiweka kwenye beseni, kiuzwe kwanza kwa watoto wanaokwenda shule, kwa bei ya chini. Kilicho kigumu anakirudisha chini kabisa na kukifunika gunia. Nilisimama pale mlangoni nikaiona kazi yangu mwenyewe, maana kwa miaka mingi ndiyo niliyoifanya katika chumba cha kuongozea gridi: maji yakipungua mabwawani, unakaa mbele ya orodha ya laini na kuamua nani azimiwe kwanza na nani asubiri.

Machi 2025, Rais Samia Suluhu Hassan alipotangaza akiwa Kilimanjaro kwamba tutanunua umeme wa Ethiopia kupitia Kenya kwa ajili ya mikoa ya kaskazini, mama huyo alinisubiri getini. "Dada injinia," akaniambia, "mmetuambia bwawa la Nyerere limekamilika. Sasa huko Ethiopia tunafuata nini?"

Swali la haki kabisa. Bwawa la Julius Nyerere tumelijenga kwa fedha zetu, shilingi trilioni 6.5 na ushee, mitambo 9 ya megawati 235 kila mmoja, jumla megawati 2,115. Mtambo wa kwanza uliwashwa Februari 2024, na wa mwisho mwaka uliofuata. Uwezo wetu wote wa kuzalisha umevuka megawati 4,000, wakati mahitaji yetu ya juu kabisa ni karibu nusu ya hapo. Mtu anayeona ghala limejaa halafu baba anakwenda kukopa unga kwa jirani, lazima aulize. Nimekuja kulijibu swali hilo, na jibu lake ndilo hotuba yangu yote.

Sehemu ya kwanza ya jibu ni umbali. Umeme hausafiri bure. Waya unapopitisha umeme unapata joto, na joto hilo ni uniti zilizokwisha kuzalishwa ambazo hazitafika kwa mtu yeyote. Upotevu huo unakua kwa mraba wa mkondo: ukipunguza mkondo kwa nusu, upotevu unashuka mpaka robo. Ndiyo maana tunapandisha msongo hadi kilovoti 400 kabla ya kuusafirisha umeme mbali. Sasa pima safari yenyewe. Umeme wa bwawa la Nyerere, kule Rufiji, unakwenda Chalinze, kilomita 160 hivi. Kutoka hapo uelekee Dodoma, Singida, Babati, ndipo uingie Arusha. Huko njiani baadhi ya vipande bado ni njia za zamani za kilovoti 220. Upande wa pili, kituo cha kupoza umeme cha Isinya, kusini mwa Nairobi, kiko mwendo wa kama kilomita 200 tu kutoka Arusha. Rais alitaja hasara ya shilingi bilioni 32 kwa mwaka kwa kuupeleka umeme kaskazini kutoka huku kwetu pwani. Mwenye duka la jumla Moshi hafuati sukari Mtwara kama ipo Taveta.

Lakini umbali ni sehemu ndogo. Sehemu kubwa ni mto, na hapa naomba mnivumilie nikae kidogo.

Hesabuni mabwawa yetu makubwa. Kidatu, megawati 204. Mtera, 80. Kihansi, 180. Na sasa Nyerere, 2,115. Jumla ni 2,579. Yote manne yako kwenye bonde moja, bonde la Rufiji. Ruaha Mkuu unapita Mtera, unashuka Kidatu, unaingia Rufiji. Maji ya Kihansi yanateremka kwenda Kilombero, nao Kilombero unaingia Rufiji. Mabwawa manne, bonde moja. Mvua ikikosekana nyanda za juu kusini, hakuna bwawa kubwa lililo upande mwingine wa kulisaidia hili. Nililiona hilo mwaka 2006, nikaliona tena 2011, nanyi mliliona 2022. Bwawa kubwa linatupa muda zaidi wa kustahimili, kwa sababu lina tumbo kubwa la kuhifadhi maji. Mawingu mengine halituletei.

Sasa sikilizeni kilichotokea mwaka 2024. Msimu ule wa El Niño ulitumwagia mvua huku kwetu mpaka Rufiji na Kibiti zikafurika, watu wakapoteza mashamba na makazi. Machi mwaka ule umeme ulizidi kwenye gridi, na tukazima vituo vitano vya umeme wa maji kwa sababu hapakuwa na wa kumpa. Mwezi huohuo, ng'ambo ya Tunduma, Zambia ilikuwa imekwisha kutangaza ukame kuwa janga la taifa. El Niño ileile iliyotufurisha sisi iliwakausha wao. Ziwa Kariba lilishuka, na Zambia inategemea maji kwa zaidi ya asilimia 80 ya umeme wake. Wakaanza mgawo wa saa nane kwa siku, na baadaye mwaka ule kuna mitaa ya Lusaka iliyokaa gizani zaidi ya saa 17 kwa siku. Vinyozi, wachomeleaji, wauza samaki wa baridi, wote wamekaa.

Sisi tumezima mitambo kwa kukosa mnunuzi. Wao wamezimiwa kwa kukosa umeme. Katikati yetu kuna mpaka ambao malori yanauvuka usiku na mchana, na hapakuwa na njia ya kilovoti 400 inayouvuka. Katika miaka yangu yote ya kazi hii hakuna jambo lililoniuma kama lile. Maji yaliyopita kwenye milango ya kumwagia pale Rufiji yalikwenda baharini yakiwa na mwanga wa Lusaka ndani yake.

Ndiyo maana nasema njia inayovuka mpaka ni namna ya kuchimba kisima cha pili mahali ambapo mvua inanyesha kwa wakati mwingine. Ethiopia wana maji ya nyanda zao, na bwawa lao kubwa la mto Abay, yaani Nile ya Buluu, lililozinduliwa Septemba 2025, lina megawati 5,150. Kenya wana mvuke wa ardhini pale Olkaria, usiojali jua wala mvua, na upepo wa Turkana. Sisi tuna Rufiji, tuna gesi asilia, na tumeanza kuvuna jua la Kishapu, Shinyanga, kwa megawati 50 za awamu ya kwanza kati ya 150. Jua hilo linahitaji mwenzake. Saa sita mchana linatoa umeme mwingi. Saa mbili usiku, tunapowasha taa na televisheni na majiko, halipo. Ukiwa na bwawa kwenye gridi moja na jua, mchana unatumia jua na kuyabana maji, usiku unayafungulia maji. Bwawa linakuwa betri. Na betri ya Rufiji inaweza kutunza jua la Singida, la Nakuru, hata la Kabwe, ikiwa nyaya zipo.

Kuna jambo dogo watu wa mahesabu wanalipenda. Dar es Salaam, Nairobi na Addis Ababa tunaishi kwa saa ileile. Lusaka, Lubumbashi na Kigali wako nyuma yetu kwa saa moja. Kwa hiyo tunapoanza kuzima majiko yetu, wao ndio kwanza wanawasha. Saa moja tu, lakini ni saa ambayo mitambo yetu inayopumzika inaweza kufanya kazi kwao.

Najua baadhi yenu mnasema moyoni: mama, huo umeme wa wengine utapita kwetu, sisi tutabaki na nguzo tu mashambani. Hebu tuitazame bandari yetu. Shaba ya Kongo si yetu, mafuta ya Zambia si yetu, mbolea ya Malawi si yetu. Vinapita hapa Kurasini, vinalipa, na nusu ya mji huu unakula kutokana na kupita kwake. Bomba la TAZAMA linapeleka mafuta Ndola tangu mwaka 1968. Hakuna anayesema tumedhalilika kwa mafuta kupita. Umeme nao una ada ya kupitishia. Chukulia megawati 100 zinapita kwenye nyaya zetu mwaka mzima bila kukatika, hizo ni uniti milioni 876. Tuseme ada ni senti moja tu ya dola kwa uniti: ni dola milioni 8.76 kwa mwaka, kwa umeme ambao hatukuuzalisha. Singida, ambako njia ya kutoka Kenya inakutana na njia yetu kuu ya Iringa, Dodoma, Singida na Shinyanga, panaweza kuwa kama Chalinze ya barabarani: kila anayekwenda popote lazima apite.

Sasa tuzungumze kazi yenyewe ya kuunganisha, maana wengi mnadhani ni kufunga waya na waya basi. Gridi inapumua mara 50 kwa sekunde. Tunaita hezi 50. Kila mtambo kuanzia Kidatu mpaka Kinyerezi unazunguka kwa mapigo hayo. Watu wakiwasha vitu vingi kuliko umeme uliopo, mapigo yanashuka: 49.9, 49.7. Katika chumba chetu kulikuwa na kipimo ukutani, na mtu mzoefu hakuhitaji kukitazama. Aliuona uso wa mwenzake. Sasa ukitaka kuunganisha gridi mbili, kuna saa yenye mshale mmoja. Mshale unazunguka kuonyesha tofauti ya mapigo ya huku na ya kule. Ukienda kasi, upande mmoja unatangulia. Unampigia simu mwenzako wa kule, anapunguza kidogo, wewe unaongeza kidogo, mshale unaanza kutambaa. Unausubiri unapanda, unakaribia juu, pale ilipo kumi na mbili ya saa ya kawaida, ndipo unafunga breka, ile swichi kubwa ya kuunganisha. Ukikosea kwa robo mzunguko unaweza kuvunja shafti ya mtambo.

Mama zetu wanaijua kazi hii. Wanawake wawili wakitwanga kwenye kinu kimoja, michi miwili inapokezana. Asiyefuata mdundo anagonga mchi wa mwenzake, au vidole vyake. Desemba 2024, njia ya Isinya hadi Singida ilipotiwa umeme, kilomita 500 na ushee, kubwa yake ikiwa upande wetu, tuliingia kwenye kinu kimoja na Kenya na Uganda. Ethiopia wao wametwanga kwa njia nyingine. Njia yao kutoka Wolayita Sodo hadi Suswa nchini Kenya, zaidi ya kilomita 1,000, ni ya mkondo mnyoofu wa kilovoti 500. Mkondo mnyoofu hauna mapigo, kwa hiyo gridi mbili zinapeana umeme bila kulazimika kupumua pamoja. Ni ghali zaidi kwenye vituo vya mwanzo na mwisho, lakini kwa safari ndefu unalipa, na hitilafu ya upande mmoja haivuki kirahisi kwenda upande mwingine.

Hilo la hitilafu nalisema waziwazi, kwa sababu asiyelisema anawadanganya. Septemba 6, 2024, njia ya kutoka Loiyangalani, kaskazini mwa Kenya, ilijikata pale Suswa ikiwa imebeba megawati 288 za upepo. Mara njia ya Ethiopia nayo ikajikata, megawati 200. Sehemu kubwa ya Kenya ikaingia gizani. Ukiungana na jirani, kikohozi chake utakisikia. Dawa yake inajulikana: akiba ya mitambo inayozunguka tayari kushika, vifaa vya kujikinga vilivyopangwa kwa makubaliano ya nchi zote, na waongozaji wa gridi wanaozungumza kila siku, wanaofahamiana kwa majina na sauti. Fedha za mafunzo hayo ni ndogo sana ukilinganisha na nguzo, lakini kwenye bajeti ndizo zinazokatwa mwanzo. Naomba ndugu zetu wa fedha mlikumbuke hilo.

Na fedha ndiyo sehemu ninayotaka kuisema kwa uzito.

Njia hizi kubwa zimejengwa kwa mikopo ya masharti nafuu. Isinya na Singida ni Benki ya Maendeleo ya Afrika pamoja na Wajapani kupitia JICA. Ethiopia na Kenya ni Benki ya Dunia, Benki ya Maendeleo ya Afrika na Wafaransa wa AFD, pamoja na serikali zenyewe. Njia yetu ya kwenda Zambia, kutoka Iringa kupita Mbeya na Tunduma hadi Sumbawanga, zaidi ya kilomita 600, ni Benki ya Dunia na washirika wa Ulaya. Hatuna sababu ya kuona haya. Reli ya TAZARA, kilomita 1,860, ilijengwa kati ya 1970 na 1975 kwa mkopo wa China usio na riba, baada ya Magharibi kusema haitalipa. Tulikopa kwa sababu jirani yetu alikuwa amebanwa na hana njia ya baharini iliyo salama.

Tatizo ni muda. Mkopo wa Isinya na Singida uliidhinishwa mwaka 2015, umeme ukapita mwishoni mwa 2024. Ule wa Ethiopia na Kenya uliidhinishwa 2012, biashara ikaanza Novemba 2022. Miaka 10, na miaka 10. Mtoto anaanza darasa la kwanza mradi unasainiwa, anamaliza kidato cha tatu ndipo breka inafungwa. Na mara nyingi waya na chuma havikuwa kikwazo. Kikwazo ni mkuza. Ili kupitisha njia ya kilovoti 400 unahitaji ukanda wa ardhi usio na nyumba wala mti mrefu, kilomita kwa kilomita, na kila kilomita ina wenyewe. Nimekaa chini ya mwembe, Manyara, na mzee mmoja aliyefanyiwa tathmini ya shamba, akasubiri fidia, akasubiri, na katika kusubiri hakuruhusiwa kupanda mkorosho wala kuongeza chumba. Alinionyesha karatasi ya tathmini. Ilikuwa imekunjwa mara nyingi hadi mistari ya mikunjo imetoboka. Hakuukataa mradi. Alikuwa anauliza tarehe tu. Mikopo mingi ya nje hailipi fidia ya ardhi, hiyo ni juu ya serikali, na serikali ikichelewa kumlipa yule mzee, riba ya mkopo haichelewi. Fedha ya fidia iwekwe kando siku mkopo unaposainiwa. Hiyo peke yake ingetupunguzia miaka.

Kenya wametupa funzo jingine kwa gharama yao. Mashamba ya upepo ya Ziwa Turkana, mitambo 365, megawati 310, yalikamilika mwaka 2017. Njia ya kuutoa umeme, zaidi ya kilomita 400, haikuwa tayari hadi Septemba 2018. Upepo unavuma, mapanga yamesimama, na mkataba unataka mwekezaji alipwe. Kuzalisha kunapata picha na utepe wa kukata. Kusafirisha hakuna mpiga picha. Januari 2025 marais walikutana hapa Dar es Salaam kwa ajili ya mpango wa kuwafikishia umeme Waafrika milioni 300 ifikapo 2030, na nilifurahi sana kuona mji wetu unatajwa. Lakini nguzo ya kijijini isiyo na njia kuu nyuma yake ni mti uliotiwa dawa tu.

Sasa kwa nini fedha binafsi haiji kwenye njia za umeme kama inavyokuja kwenye mashamba ya jua? Nimekaa na watu wa benki, nao wananiambia bila kuficha. Mnunuzi ni mmoja, shirika la umma la nchi fulani. Akichelewa kulipa, umkamate wapi? Umeme haurudishwi dukani. Halafu mkopo ni wa dola na mwananchi analipa LUKU kwa shilingi. Shilingi ikiteleza, deni linanenepa bila mtu kuongeza hata uniti moja. Hofu hiyo ni ya kweli, na kuikemea hakuiondoi.

Tazameni mkataba wa Ethiopia na Kenya. Ni wa miaka 25, bei imeandikwa, senti 6.5 za dola kwa uniti, kiasi kimeandikwa, kuanzia megawati 200. Ukipiga hesabu ya megawati 200 zikipita saa zote za mwaka, ni uniti milioni 1,752, karibu dola milioni 114. Kila mtu anajua bei. Mbunge anaijua, mwandishi anaijua, mkopeshaji anaijua. Bei iliyo wazi ndiyo dhamana ya kwanza. Mikataba tuliyoifunga kabatini katika nchi zetu, kwa sababu zozote zile, ndiyo iliyotuletea kesi na bei za dharura.

Dhamana ya pili ni akaunti ya amana: nchi inayonunua inaweka kando malipo ya miezi kadhaa, na ikichelewa, muuzaji anachota pale bila kupiga hodi kwa waziri. Nchi za kusini wametutangulia. Jumuiya yao ya gridi, SAPP, ipo tangu 1995, na wana soko la kununua umeme wa kesho leo. Nyaya za jumuiya hiyo ndizo zilizowasaidia Wazambia kupata umeme wa dharura kutoka Msumbiji na Afrika Kusini mwaka ule wa ukame. Yetu ya mashariki, EAPP, yenye makao Addis Ababa, ilianza 2005. Tanzania ni mwanachama wa zote mbili. Hebu fikirini maana yake: nyaya zetu zikishafika Zambia, sisi ndio mlango kati ya masoko mawili, kuanzia Cairo mpaka Cape Town.

Dhamana ya tatu ni shilingi yetu wenyewe. Mamlaka ya maji ya Tanga iliuza hatifungani ya kijani, yaani hati ya kukopa kwa ajili ya miradi ya mazingira, mwaka 2024, ikitafuta shilingi bilioni 53.12, na wanunuzi wakaleta zaidi ya hapo. Ikaorodheshwa kwenye Soko la Hisa la Dar es Salaam. Mamlaka ya maji ya mkoa mmoja! Mapato yake ni bili za maji. Njia ya umeme yenye mkataba wa ada ya kupitishia ina mapato yanayotabirika kuliko bili za maji. Sisemi tujenge kilomita 600 kwa hatifungani. Nasema kipande kimoja, kituo kimoja cha kupoza umeme, kijengwe kwa akiba za wafanyakazi wa nchi hii, kwa shilingi, tuone. Mifuko ya pensheni mliomo humu mnahitaji kitu kinachodumu miaka 20. Njia ya umeme inadumu 40.

Na kama mnataka mfano wa umiliki, nendeni Rusumo. Mto Kagera, mpakani mwetu na Rwanda. Mwishoni mwa Aprili 1994 watu kama robo milioni walivuka daraja lile kwa muda wa siku moja hivi wakikimbia vita, na mto uliokuwa chini yao ulikuwa umebeba maiti. Sitaki vijana msahau. Leo pale pana mtambo wa megawati 80, unaomilikiwa kwa kampuni moja ya nchi tatu, Tanzania, Rwanda na Burundi, theluthi kwa theluthi, megawati 26 na kitu kila nchi. Benki ya Dunia ilitoa dola milioni 340. Njia zinatoka pale kwenda Nyakanazi, kwenda Kigali, kwenda Gitega. Mtambo mmoja hauwezi kumpendelea mtu. Ukizimika umezimika kwa wote watatu, na kwa hiyo wote watatu wana sababu ya kuutunza. Kwa megawati 80 si bwawa kubwa. Kwa mikataba yake, kwangu mimi ndiyo kazi kubwa kuliko zote tulizofanya katika ukanda huu.

Amani nayo ni nguzo, tena ile ya kwanza. Njia ya Cahora Bassa kwenda Afrika Kusini, kilomita zaidi ya 1,400, ilikatwa wakati wa vita vya Msumbiji, ikalala miaka mingi mpaka 1997. Bwawa lipo, maji yapo, mnunuzi yupo, nguzo ziko chini. Anayepanga gridi ya Afrika Mashariki bila kutazama hali ya mashariki ya Kongo na Sudan anachora ramani ya nusu.

Nirudi kwa jirani yangu. Nilimweleza haya, kwa kifupi kuliko nilivyowaeleza ninyi: umbali, bonde moja, Zambia ya 2024. Alisikiliza huku anafunga vifuko kwa uzi. Nikamwambia Kagera waliwashiwa taa na Uganda kwa miaka mingi, Sumbawanga na Zambia, Namanga na Kenya, na hatukuhisi kupungukiwa na utu. Akanyamaza kidogo, akaniuliza swali la pili, ambalo sikuwa nimejiandaa nalo: "Na wao wakikaukiwa, imeandikwa wapi kwamba tutawapa? Na sisi tukikaukiwa, imeandikwa wapi kwamba hawatatukatia ili wawashe kwao kwanza?"

Hilo ndilo swali ninalowaachia wanasheria na watu wa wizara mliomo humu. Ujenzi wa kwenda Tunduma unaendelea. Kabla mshale haujafika kumi na mbili na breka kufungwa, tuwekeeni hadharani mkataba wa kugawana wakati wa uhaba: nani anapunguziwa, kwa kiasi gani, kwa taarifa ya siku ngapi, na fidia yake nini. Kwa Kiswahili, ili mama mwenye friza ausome.

Maikrofoni anayo yule kijana mwenye shati la kijani. Tuanze na waliosimama.